Jinsi Ugomvi wa Majumbani Ulivyokwisha Mbeya

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mbeya na vitongoji vyake, wakiwamo wale ambao huwa hawasikilizi matangazo, kwamba kufikia tarehe moja Juni mwaka 1956 ugomvi wa majumbani umekwisha. Sisemi umepungua. Umekwisha. Ushahidi ni faili langu lenye jina "Malalamiko ya Wake, Kupigwa na Kadhalika", ambalo kwa miezi mitatu mfululizo halikuingia karatasi hata moja. Nililipangusa vumbi kila Ijumaa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo nililobandika ukutani, na aliyeliandika ni mimi, Liberatus Kalinga, Karani Mkuu wa Ofisi ya Utulivu wa Majumbani. Karani mdogo hatukuwa naye. Nilitoka Iringa kwa basi mwezi Februari, nikiwa na sanduku la bati, koti la sufu, na barua iliyothibitisha kwamba mimi ni mtu wa kutegemewa. Mke wangu Evarista alibaki Kalenga na wazee mpaka nitakapopata nyumba.

Nilichokikuta Mbeya kilinisikitisha. Ofisi ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa kitupu, na cha uani alikaa mama mmoja aitwaye Damari, Mnyakyusa wa Rungwe, mjane, aliyeajiriwa kufundisha wanawake kufuma sweta. Wanawake walikuja kweli, lakini wengine hawakuwa na sindano wala uzi. Walikuja na jicho limevimba, au wamemshika mkono mtoto asiyetaka kusema. Damari aliwapa chai, akawasikiliza, kisha akafunga safari kwa miguu mpaka kwa huyo mume, akaongea naye, na akirudi haandiki kitu. Hapakuwa na fomu wala namba. Mtoto mmoja wa kike, Tupokigwe, wa miaka minane, alizoea kushinda chini ya meza yake. Katika ripoti yangu ya kwanza niliandika kwamba samani za ofisi zinatumika ipasavyo.

Nikaleta utaratibu. Niliunda Kamati ya wazee watatu wanaoheshimika: Mzee Andendekisye, ambaye ni mzee wa kanisa na ana ng'ombe wengi, akawa Mwenyekiti; Mzee Jailos na Mzee Yohane wakawa wajumbe. Kisha nikatunga fomu. Ilisema kwamba mke mwenye lalamiko atafika mwenyewe mbele ya Kamati, atasimama, baba mkwe wake akiwapo, kwa kuwa huyo ndiye mwenye mji. Na kwamba atataja kwa sauti ya kusikika jina la mume na jina la baba wa mume. Wazee waliisoma wakatazamana. Mzee Jailos alikohoa kidogo. Mwenyekiti akasema tangu azaliwe hajaona karatasi yenye busara namna ile, wakatia sahihi wote watatu.

Damari aliisoma akiwa amesimama.

"Bwana Kalinga," akasema, "umeuliza mtu kabla ya kuandika hii?"

"Niliwauliza wazee."

"Uliuliza wanawake?"

"Wanawake watajaza. Hawawezi kujaza na kuulizwa kwa wakati mmoja."

Akakaa chini. "Sikiliza, baba. Huku kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Kabisa. Baba mkwe akipita njia ya juu, mkamwana anapita ya chini. Akikohoa nje, mkamwana anajificha hata kama sufuria iko motoni. Jina lake hatulitamki. Sasa wewe unasema asimame mbele yake amtaje kwa sauti! Hakuna atakayekuja."

Nilimweleza kwa upole kwamba nyumbani kwetu Evarista humpelekea baba yangu uji kwa mikono miwili na wanacheka pamoja, na hakuna aliyepata kudhurika. Pia nikamweleza kwamba analolisema ni jambo la mila, na mambo ya mila yanashughulikiwa na idara nyingine.

"Ipo hiyo idara?"

"Itaundwa."

Damari aliniambia jambo lile lile mara nne, na mara zote nne nililipokea rasmi. Kuanzia siku hiyo hakutokea mlalamikaji hata mmoja. Kama hiyo haikuwa amani, basi mimi sijui amani inafananaje.

Makao makuu walifurahi mno. Ikaamuliwa kwamba Bwana DC atafika ofisini kwetu Jumatatu, tarehe kumi na moja Juni, saa tatu asubuhi, kutoa Cheti cha Nyumba Tulivu, Namba Moja. Kamati iliketi ikachagua nyumba ya Asukile, msimamizi wa ghala la kahawa, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa mtoto wa Mwenyekiti. Nyumba hiyo ilikuwa tulivu kwa kila kipimo cha ofisi. Ni kweli majirani walisema kwamba mwezi wa nne Asukile alivunja sufuria mbili na mkono mmoja. Sufuria zilikuwa zake, mkono ulikuwa wa mkewe, Sekela. Lakini majirani hawakuwa wamejaza fomu.

Huyo Sekela ndiye mama yake Tupokigwe wa chini ya meza, na wa mdogo wake Ezekia, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Mara mbili alikimbilia na watoto kwa kaka yake, Yotamu, kule Isanga. Mara mbili Asukile aliwafuata, akasimama uani akipiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka nje, akaondoka na watoto, mmoja akimburuta na mwingine kambeba kwapani, na mama yao hakuwa na la kufanya ila kuwafuata nyuma. Alichohitaji ni karatasi moja yenye muhuri wa ofisi yetu, iitwayo Kibali cha Kukaa Mbali. Mwenye kibali hicho, watoto hukaa naye, na askari husimama mlangoni. Asiye nacho hana kitu. Na kibali hutolewa na Kamati peke yake.

Alhamisi, siku nne kabla ya kuja Bwana DC, Kamati ilikuwa imeketi ikijadili rangi ya utepe wa cheti. Nikasikia hodi. Mwanamke alikuwa ameketi kizingitini, ametugeuzia mgongo, shuka imemfunika kichwa chote mpaka kidevuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika fomu. Wa kushoto ulikuwa bado haukunjuki sawasawa.

"Ndaga, Bwana Karani," akanisalimia kwa Kinyakyusa.

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Mimi sina shida. Nimeitwa."

"Na nani?"

"Na hii fomu. Inasema nifike mwenyewe, nimefika. Inasema nisimame mbele ya baba yake na yule. Nasikia yuko humo ndani. Mimi naona haya sana, lakini si Serikali imesema? Nisimame sasa hivi ama nimalize kwanza kukaza shuka?"

Nyuma yangu kiti kilianguka.

"Kalinga!" Mwenyekiti akanong'ona. Sikujua kwamba mtu anaweza kunong'ona na kupiga kelele kwa pamoja. "Nani huyo mlangoni?"

"Mlalamikaji wetu wa kwanza, mzee. Mkamwana wako."

"Funga mlango!"

"Haufungiki, mzee. Amekaa kizingitini."

Kumbukumbu za kikao hicho nimeziandika mimi na zinasomeka hivi: Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa njia ya dirisha. Kiatu chake cha kushoto kilibaki ofisini, kikakaimu mpaka jioni.

Ijumaa Sekela alirudi alfajiri, na hakuwa peke yake. Alikuja mkamwana wa Mzee Jailos, na wawili wa Mzee Yohane, wote wamejifunika, wakakaa mmoja mlango wa mbele, mmoja wa uani, na wawili chini ya dirisha lile lililotumika jana yake. Nikawauliza kama nao wana malalamiko. Mmoja akasema bado anafikiri. Mwingine akasema amekuja kumsindikiza mwenzake tu, ila akikumbuka jambo hatanificha. Walikuwa na maharage ya kupukuchua, mablanketi, na birika la chai ambalo Damari alilijaza kila lilipokwisha. Tupokigwe alitoka chini ya meza akaruka kamba uani mpaka akaishiwa pumzi. Sikuwahi kumwona akiwa amesimama wima, nikashangaa alivyo mrefu.

Kamati ilibidi ikutane mahali ambapo hapaonekani kutoka mlango wowote wala dirisha lolote. Nilipima eneo lote la ofisi, na mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu, nyuma ya choo. Hapo waliketi wazee watatu juu ya matofali, kila mmoja ameshika mwavuli mbele ya uso wake ingawa Juni haina mvua. Upepo wa mlima Loleza uliwapiga sawasawa. Kwa kuwa hawakuweza kwenda kwa wanawake, na wanawake hawakuweza kwenda kwao, mawasiliano yote ya Ofisi ya Utulivu wa Majumbani yalipita kwenye miguu yangu.

"Mwambie aondoke," akasema Mwenyekiti.

Nilikimbia mpaka mlangoni nikarudi. "Anasema ataondoka akishasikilizwa."

"Mwambie anavunja mila! Mkamwana wa wapi anakaa njiani pa baba mkwe?"

Nikakimbia nikarudi. "Anasema yeye kajifunika na hakuoni. Anasema aliyemwita hapa si mila, ni ile fomu, na anauliza kama sahihi ya kwanza pale chini ni yako."

Mwavuli ulitikisika. "Kwani anajua kusoma?"

Hilo nalo nikalipeleka. Jibu lilichelewa kidogo kwa sababu wanawake wanne na Damari walikuwa wanacheka. "Anasema alisoma mpaka darasa la nne, mzee. Wewe ndiye uliyemsifia hivyo siku ya posa."

Mzee Yohane akashauri wasubiri, kwani wanawake watachoka. Jumamosi wanawake walikuja na mkeka. Mzee Jailos akapatwa na mafua, na kila alipopiga chafya mkamwana wake kule mlangoni alijikunyata na kujifunika zaidi, kwa heshima kubwa, bila kusogea hata inchi moja.

Jumatatu saa mbili na nusu nilikuwa nyuma ya choo nikiwaeleza wazee ratiba. Mwenyekiti alitakiwa kusimama kwenye mlango wa mbele, kumpokea Bwana DC, na kumwonyesha ofisi. Mlango wa mbele ulikuwa na Sekela. Kutoka barabara ya boma tukasikia gari likipandisha.

"Kalinga," akasema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, "anataka nini huyu mtoto wa watu?"

Ilikuwa siku ya nne, na ndiyo mara ya kwanza Kamati iliuliza swali hilo. Nilikimbia kuliko siku zote. Sekela hakufikiri hata kidogo, alikuwa na jibu tayari.

"Nataka kibali nikae na watoto wangu kwa Yotamu," akasema. "Na askari akisome mbele ya watu pale ghalani, yule asije akasema hakusikia. Basi. Sitaki mtu afungwe. Nataka watoto walale bila kusikiliza mlango."

Damari, aliyesimama nyuma yake, akaongeza la kwake: kuanzia leo malalamiko yasikilizwe chumbani kwake, bila Kamati. Alikuwa amekwisha kuliandika. Aliniambia anashukuru kwamba nimemfundisha kuandika mambo.

Nyuma ya choo hapakuwa na meza. Niliinama, na Mzee Andendekisye akatia sahihi karatasi zote mbili juu ya mgongo wangu. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, kalamu ikatoboa karatasi, na alama ya wino kwenye koti langu la sufu haijatoka mpaka leo. Nikagonga muhuri juu ya goti. Sekela aliisoma karatasi yake mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani, kisha wanawake wote wakainuka na kuzunguka taratibu kwenda chumba cha uani. Bwana DC aliposhuka aliwakuta wazee watatu wenye midomo ya bluu wamejipanga mlangoni. Akasema amefurahi kuona wazee wanaowahi kazini namna hii.

Likabaki suala la cheti. Nyumba ya Asukile haikuwa na mke wala watoto tena, na utepe ulikuwa umeshafungwa. Nilitumia akili yangu ya kikarani. Cheti cha Nyumba Tulivu, Namba Moja, kilitolewa kwa banda letu la majembe, ambalo halijapata kulalamikiwa na yeyote, na Bwana DC alilipigia makofi.

Siku ile ile askari Anania alikwenda kwenye ghala la kahawa akasoma kibali kwa sauti. Wapagazi walikaa juu ya magunia wakasikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza mahubiri, na mmoja akaomba kirudiwe. Asukile alikwenda Isanga mara moja tu. Alimkuta Anania mlangoni kwa Yotamu anakunywa uji, wakaangaliana, akarudi. Kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa na wa kumpikia wala wa kufokewa, alihamia kwa baba yake.

Mwezi Julai makao makuu waliniandikia kuuliza kwa nini amani ya Mbeya imeharibika ghafla. Ni kweli iliharibika. Faili langu lilikuwa na karatasi kumi na moja, zote kwa mwandiko wa Damari. Niliketi nizisome ili nitunge maelezo. Nilipofika ya sita nilitoka nje nikasimama kwenye baridi kwa muda. Niliona haya, na jambo hilo naliandika hapa kwa sababu sikuwa na fomu ya kuliandika mahali pengine. Wale wanawake walikuwa wakiishi mtaa niliopita kila siku, wakati mimi napangusa faili.

Sekela sasa alikuja kila Alhamisi kufuma. Mkono wake ulikuwa umenyooka, na sweta la Ezekia lilikuwa limebakiza shingo tu. Alhamisi moja ya Agosti nilisikia kikohozi nje ya uzio. Sekela naye akakisikia. Akavuta shuka, akafunika uso, akakusanya uzi wake, akatokea mlango wa nyuma bila haraka ili mwenye kukohoa apate njia. Nikachungulia. Alikuwa Mzee Andendekisye, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, mkono wa kulia umening'inizwa kwenye kitambaa.

Alipita mbele ya mlango wangu bila kuingia. Nikamfuata mpaka kwenye chumba cha Damari.

"Kamwene, Mwenyekiti," nikasema, na kwa wasiwasi nilikuwa nimemsalimia kwa Kihehe. "Umeanguka?"

"Nimeanguka," akasema. Kisha akatazama sakafu. "Sikuanguka. Mwanangu alitaka nyama, nikamwambia haipo. Mama yake akaingia kati. Sasa mama yake hatoki ndani, na mimi sijalala nyumbani siku ya pili. Kalinga, mimi ni mtu mzima. Nimwambie nani?"

Nilitaka kumsaidia. Nilirudi mbio ofisini kwangu nikaleta kitu nilichokuwa nacho, ile fomu ya zamani, kwa kuwa hatukuwahi kupiga chapa nyingine. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaisoma yote polepole mpaka mahali alipotakiwa kusimama mbele ya Kamati na kumtaja mwanawe kwa sauti ya kusikika. Akasoma tena.

"Nani kaandika kitu kama hiki?" akauliza.

"Ni sisi, mzee."

Akaendelea kuitazama sahihi yake. Tupokigwe, aliyekuwa dirishani anafundishwa kufuma soksi, aliteremka, akamchukua babu yake fomu mkononi bila ukali, akaiweka mezani, akamvutia kiti ambacho mama yake alikuwa amekiacha sasa hivi.

"Babu, hapa hawaulizi hayo," akasema. "Kaa. Mama Damari anakuuliza panauma wapi, halafu unakunywa chai."

Mzee akakaa. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, kofia magotini, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Damari akavuta kiti chake karibu. Mimi nikatoa kalamu na daftari nikae nichukue kumbukumbu, maana shauri la Mwenyekiti si la kuachwa hivi hivi.

"Bwana Kalinga," akasema Damari bila kugeuka, "tafadhali tufungie mlango."

Nikaufunga.

"Ukiwa nje," akasema.